Kwa Wahani msimu wa kupandikiza: Kunming, Jianshui, Puchun, Yuanyang

Tangu nirudi Moshi na kuweka picha kwenye status, maswali ni yale yale: ni wapi huko, ulifikaje, ulikula nini, na ilikutoka shilingi ngapi. Basi nimekaa chini na kijidaftari, risiti zilizosalimika na picha za simu, nimeyapanga kwa siku.

China nilikwenda kwa biashara, Guangzhou, na hiyo sina haja ya kuisimulia. Nusu ya Kariakoo wanaijua kuliko mimi. Haya ni ya baada ya mzigo kupakiwa, nilipopanda treni kwenda kumwona mdogo wangu anayesoma Kunming, mji mkuu wa jimbo la Yunnan. Treni yenyewe ni ya kasi, siku karibu nzima, mahandaki matupu. Darasani kwake kuna binti wa Kihani kutoka wilaya ya Honghe. Nilipomwambia natamani kuyaona majaruba ya kwao yanayopigwa picha, alicheka, mdogo wangu akatafsiri: wapiga picha huja Desemba mpaka Machi, majaruba yakiwa na maji matupu yanayong'aa, na mtu huwezi kumwona shambani. Ukitaka kuona watu, na ukitaka kusikia nyimbo, njoo mwisho wa Aprili tukiwa matopeni. Akatualika kwao.

Kwa wasiowafahamu, Wahani ni watu kama milioni 1.7 ndani ya China, wengi wao wakiishi kusini mwa Yunnan kwenye milima ya Ailao, juu ya Mto Mwekundu, ule unaoshuka mpaka Hanoi. Miteremko yote wameichonga majaruba ya mpunga, kazi iliyoanza miaka ipatayo 1,300 iliyopita. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka sehemu iliyoko wilaya ya Yuanyang kwenye urithi wa dunia, hekta 16,603 zenye vijiji 82. Mimi nimekulia Mabogini, kwenye skimu ya mpunga ya Lower Moshi, jaruba nalijua kwa mgongo wangu. Zaidi ya picha, nilitaka kujua wenzetu wanagawanaje maji kwenye mlima uliosimama vile bila kushikana mashati.

Jumatatu. Kunming hadi Jianshui

Treni ya asubuhi, saa mbili na ushee njiani, nauli kama yuan 80. Wakati ule yuan moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 360, mkapige hesabu wenyewe. Tiketi ya karatasi haipo, pasipoti ndiyo tiketi. Mageti ya kujihudumia yanasoma vitambulisho vya Wachina, wewe nenda kwenye geti lenye mhudumu, mwoneshe pasipoti, atakupitisha.

Jianshui ni mji wa kale wenye lango kubwa la mashariki, Chaoyang, lililojengwa mwaka 1389. Wazee wanakaa chini yake na ndege zao kwenye vitundu, wanacheza karata. Tulipita, tukapiga picha, tukaenda kwenye kilichotuleta mjini, tofu ya kuchoma.

Unakaa kwenye kiti kifupi kuzunguka jiko la mkaa lenye wavu. Vipande vya tofu vikiwa vibichi ni vidogo, vikishika moto vinavimba na kuwa mviringo. Mama anavigeuza kwa vijiti bila kuangalia, anazungumza na watu sita kwa wakati mmoja. Mbele yake kuna trei yenye vigawanyo, na kila ukichukua kipande anadondosha punje moja ya mahindi kwenye kigawanyo chako. Hakuandika kitu. Tulipoinuka alizihesabu punje, akataja bei. Mdogo wangu alibisha kwamba hakula nyingi kiasi kile, yule mama akazimwaga kiganjani na kumhesabia moja moja mbele ya wateja wote. Alilipa. Watu wa pale wanasema siri ya tofu ni maji ya visima vya mji, hasa kile kikubwa nje ya lango la magharibi, na kweli tulikuta foleni ya watu wakichota kwa ndoo huku bomba wanalo nyumbani.

Kwa Waislamu wenzangu: Yunnan si mahali pa kufa njaa. Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, wapo karibu kila mji mkubwa wa huku, na Jianshui wamo. Tafuta kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu. Bakuli la tambi za mchele na nyama ya ng'ombe tulilipia yuan 12. Ukishaondoka Jianshui kwenda milimani, hesabu kwamba hutaona kibao hicho tena. Nunua biskuti, tende na karanga hapa.

Nyumba ya wageni ya kwanza tuliyofikia walituambia hawapokei wageni wa nje. Hilo huweza kutokea kwenye miji midogo, usigombane nao. Mpokezi mwenyewe alivua aproni, akatoka nje na kututembeza mitaa miwili mpaka kwenye nyumba inayopokea, akatusubiri mpaka tukapewa ufunguo. Chumba yuan 110.

Jumanne. Jianshui, Yisa, kisha juu

Basi la kwenda Yisa, makao ya wilaya ya Honghe, liliondoka kituoni kwa wakati na likaacha kwenda kwa wakati kilomita chache baadaye. Barabara ilikuwa inatengenezwa, magari yanaruhusiwa kwa zamu upande mmoja. Tulikaa saa moja na nusu juani. Hakuna aliyepiga honi. Dereva alishusha kiti cha plastiki kutoka chini ya gari, akampa mama mjamzito, yeye akachuchumaa. Mzee mmoja mwenye kikapu cha ndizi alizigawa zote, mmoja mmoja, mpaka sisi wa nyuma, na alipofika kwangu akanipa mbili. Niliomba picha naye, akakubali baada ya kuvaa kofia yake vizuri.

Kadiri unavyoukaribia Mto Mwekundu ndivyo unavyovua nguo. Bondeni ni joto la pwani hasa, miembe, migomba, miwa. Yisa imejengwa juu ya kilima upande wa kusini wa mto, na ina majumba makubwa ya ukuta mnene ambayo huwezi kuyatarajia pale. Yalijengwa na wafanyabiashara wa misafara ya nyumbu waliokuwa wakivuka milima kwenda Laos, Vietnam na Burma mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wengine walibaki huko, ndiyo maana mji unajulikana kwa watu wake walioko ng'ambo. Mimi mtoto wa watu wa biashara za mbali nilitaka kulala pale, lakini gari la kupanda mlimani lilikuwa linajaza.

Gari lenyewe ni dogo, la abiria saba, tulikuwa tisa na mfuko wa mbolea. Yuan 25 kwa kichwa mpaka Azhahe. Unaanza kupanda, na kona haziishi. Joto linabaki chini, masikio yanaziba, halafu dereva anakata kona moja na mlima wote ulio mbele yako ni majaruba. Nimeona picha nyingi, lakini picha haikuambii ukubwa wa mteremko. Kuna majaruba mapana ya kutosha kugeuza plau, na kuna mengine ambayo jogoo akitaka kugeuka lazima arudi kinyumenyume.

Azhahe ni mji mdogo wa tarafa. Tulipita kituo cha polisi kujiandikisha, maana kwa sheria ya huko mgeni asiyelala hotelini anatakiwa aandikishwe ndani ya saa 24. Askari kijana alichukua pasipoti, akauliza Tanzania iko wapi, akaitafuta kwenye ramani ya simu yake, akaikuza mpaka akapata Kilimanjaro. Dakika 20 kazi imekwisha. Msiiruke hatua hii. Mkiiruka, anayepata usumbufu ni mwenyeji wenu.

Kaka wa yule binti alitufuata na pikipiki ya matairi matatu, tukafika Puchun, kijiji chao, giza likiingia.

Jumatano. Puchun, maji

Kijiji kimekaa katikati ya mlima. Juu yake msitu, chini yake majaruba. Mpango huo ni wa vijiji vingi vya Wahani, na si wa bahati. Msitu wa juu haukatwi, una sehemu takatifu ambayo mtu haingii ovyo, na ndiyo unaoshika ukungu na mvua na kuachia maji mwaka mzima. Maji yanapita kijijini, watu wanayatumia, kisha yanashuka shambani. Hata samadi ya ng'ombe na nyati huwekwa kwenye mabwawa kijijini, na msimu ukifika wanalifungulia maji bwawa, samadi inasafiri yenyewe mferejini mpaka jarubani. Hakuna kubeba ndoo kichwani.

Nyumba nyingi sasa ni za matofali na zege, paa la bapa la kuanikia mahindi. Ya kale, ya udongo juu ya msingi wa mawe na paa nene la nyasi, nilizihesabu chache. Bibi wa nyumba tuliyofikia ana moja nyuma ya ile mpya. Wanyama chini, watu kati, nafaka juu.

Sasa niwaambie habari ya sufuria. Wahani wanakula nguruwe kwa wingi, na mafuta yake ndiyo mafuta ya kupikia. Binti alikuwa amewapigia simu kwao kuwaeleza hali yangu. Nilipoamka, bibi alikuwa jikoni na sufuria mpya, kijikaratasi cha bei kimebandikwa bado ubavuni, amenunua Azhahe siku ya gulio kwa ajili yangu. Kwenye rafu kuna bakuli moja, vijiti jozi moja na chupa ndogo ya mafuta ya mbegu, vimefunikwa kitambaa cheupe. Mtu mwingine akigusa, anampiga kofi la mkono. Nilikula mayai ya bata, samaki wadogo wa majarubani, mboga za porini, na wali mwekundu. Wali huo ni mgumu kidogo, una harufu ya karanga, haushikani vizuri. Mchuzi wa kuchovea ndio mambo yote, soya iliyochachushwa, pilipili, giligilani, nanaa. Mjukuu alinionesha uchogo wa nyumba ambako ghala la nafaka liko kimya, nikapata mahali pa kuswali. Kibla kutoka huku ni magharibi, mimi nyumbani nimezoea kuelekea kaskazini.

Mchana tulikwenda kumwona mtunza mfereji. Kila mfereji mkubwa una mtu wake aliyechaguliwa na wanaoutumia. Kazi yake ni kuutembea, kuondoa majani na mawe, kuziba panapovuja. Zamani analipwa kwa mpunga. Alitupandisha mwendo wa nusu saa mpaka mahali mfereji unapogawanyika, na hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la Mabogini.

Gogo limelazwa kukingama mfereji, limekaa ndani ya maji sawasawa. Juu yake zimechongwa pengo tatu, kina kimoja, upana tofauti. Maji yanafika, yanajaa nyuma ya gogo, yanapita kwenye pengo, na kila pengo lina mfereji wake. Upana wa pengo ndio haki ya kundi husika, walikubaliana kwa kuangalia mashamba yao na nguvu waliyochangia kuchimba. Mbao ilikuwa nyeusi, kingo za pengo zimelainika. Kijiti kilikuwa kimenasa kwenye pengo la kushoto. Mzee alikitoa kwa kidole gumba, akasubiri maji yatulie, akaweka vidole vyake vinne ndani ya pengo, akatikisa kichwa kwamba sawa. Hakuna saa, hakuna zamu, hakuna mtu wa kulala bondeni na panga kulinda maji usiku. Mito ikipungua, wote wanapungukiwa kwa uwiano ule ule. Nilimuuliza akikuta mtu amepanua pengo lake je? Akasema hulipa faini na kijiji chote kitajua, na hicho cha pili ndicho watu wanachokiogopa. Sehemu nyingine gogo limebadilishwa kwa saruji, lakini pengo ni zile zile.

Nimewatumia video viongozi wa umoja wa wamwagiliaji wa kwetu. Wameiona, alama mbili za bluu.

Alhamisi. Nyimbo

Puchun ina jina kwenye muziki. Mwaka 1995 mtafiti Zhang Xingrong, wa chuo cha sanaa kule Kunming, alirekodi hapa wimbo wa kupandikiza wenye sauti nane zinazokwenda pamoja, na wataalamu wakashangaa kwamba wakulima wasiosoma nota wanaimba hivyo. Mwaka 2006 nyimbo za sauti nyingi za Wahani ziliingia kwenye orodha ya kwanza ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo wageni wakifika hupenda kuomba waimbiwe, na kijiji kina kikundi kinachovaa vizuri na kuimba uwanjani. Binti alinishauri nisiombe. Twende shambani tu.

Tulianza saa moja asubuhi. Wanaume walikuwa wamemaliza kuchavanga, yaani kuvuruga tope la jaruba, kwa nyati, wengine kwa mashine ndogo ya kusukuma pale inapofika. Miche hung'olewa kitaluni, hufungwa vifundo kwa nyasi, hurushwa kutoka ukingoni mpaka katikati ya jaruba ili mpandaji asirudi kufuata. Nilipandisha suruali, nikaingia. Tope lilikuwa la baridi ya kuuma mifupa. Kushika mche na kuuzamisha hakuna tofauti na kwetu, nikapiga mstari wangu nikirudi nyuma pamoja na wanawake wengine watano, na bibi aliyekuwa kwenye kingo akakagua mstari wangu kwa macho tu, akasema neno, wote wakacheka. Tafsiri: mgeni huyu amelelewa.

Saa nne hivi baba mkwe wa mmoja wao aliyekuwa akirusha miche aliondoka kwenda kuleta mingine. Akapotelea nyuma ya kona. Hapo hapo mwanamke wa mwisho upande wangu wa kulia akatoa sauti.

Nyimbo hizi za shambani na milimani zina maneno ya mapenzi ndani yake, na adabu ya Kihani hairuhusu kuziimba nyumbani wala mbele ya wazazi, wakwe au ndugu wa jinsia nyingine. Ndiyo maana walikuwa wanamsubiri mzee aondoke. Kijana aliyekuja nasi, ambaye ni kaka wa binti, alipewa ishara ya mkono naye akaenda zake. Binti alisema kama angebaki, hakuna ambaye angefungua kinywa, hata angekuja waziri.

Sauti ya kwanza ilikuwa juu sana na nyembamba, ya koo lililobanwa. Haikumaliza mstari, ya pili ikaingia chini yake kidogo tu, karibu mno, mpaka masikio yangu yakasema hapa kuna kosa. Ya tatu ikaingia. Ya nne. Hawakuwa wakimfuata kiongozi kama kwaya, kila mmoja alikuwa na njia yake, anavuta neno anapotaka, anapumua anapotaka, lakini mwisho wa mstari wote wanafika na kukaa pamoja kwenye sauti moja ndefu. Kilichonifanya nitulie kidogo ni masikio ya Tanzania, nimewasikia Wagogo wa Dodoma wakipangilia sauti, najua kwamba jambo la aina hiyo linawezekana bila mwalimu. Mikono haikusimama. Mche, tope, mche, tope, na miguu inarudi nyuma. Majaruba mawili juu yetu wanaume wakajibu. Sikuhesabu sauti nane, na sidhani kama ilikuwa nane, tulikuwa wachache. Hakuna aliyeniangalia. Nilirekodi dakika chache, nikaiweka simu, nikaendelea kupanda kwa sababu mstari wangu ulikuwa unabaki nyuma.

Mzee alirudi na miche. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mtu akaanza kuuliza bei ya mbolea.

Jioni hali ikawa tofauti kabisa. Mezani, baada ya chakula, mzee jirani aliimba haba, hadithi ndefu za asili ambazo hizo zinaruhusiwa ndani ya nyumba na mbele ya kila mtu, waliokaa wanaitikia mwisho wa kipande. Watu wazima wa kiume walikunywa pombe ya mchele iliyokanzwa, mimi na chai yangu. Vijana walikuwa wachache. Wengi wako viwandani Guangdong, hurudi kwa kupandikiza wakipata ruhusa, kwa kuvuna ikiwezekana. Msichana wa miaka 15 alikuwa akirekodi kwa simu. Nilimuuliza kama anajua kuimba, akasema anajua mbili, na hawezi kuimba hapa, baba yupo.

Nilikuwa na kanga mbili za zawadi. Bibi alizitazama upande huu na upande huu, hakuuliza zinavaliwaje, akachukua moja na kumfunga mjukuu mgongoni. Pesa walikataa. Binti alinielekeza nizifunge kwenye karatasi nyekundu na kumpa mtoto mdogo kuliko wote, hapo hakuna anayeweza kuzirudisha.

Kwa atakayekwenda: Puchun si sehemu ya utalii. Sikuona kiingilio wala hoteli. Ukiwa huna mwenyeji, lala Yisa au Azhahe, na usiende na ndege ya kamera bila kuuliza. Usiende wiki ya mwanzo wa Mei, Mei Mosi China ni likizo ya siku kadhaa, barabara na nyumba za wageni zinajaa. Beba viatu vya kuvaa matopeni na sweta. Jioni ni baridi.

Ijumaa. Kuvuka kwenda Yuanyang

Tulishuka tena mtoni, joto likatupokea pale pale tulipoliacha, tukafuata barabara ya kando ya mto kuelekea kusini mashariki mpaka Nansha, makao mapya ya wilaya ya Yuanyang. Serikali ilihamia hapa kutoka mji wa juu, Xinjie, baada ya maporomoko ya ardhi kutishia mji ule. Gari la kukodi lilitutoka yuan 260 watu watatu. Halafu kupanda tena, Xinjie, na mbele zaidi Duoyishu.

Huku ndiko kwenye picha zote. Kuna majukwaa ya mbao ya kutazamia, kuna kiingilio, kuna akina mama wanauza mayai ya kuchemsha saa kumi na moja alfajiri. Ukilala Duoyishu unaona jua likichomoza juu ya majaruba. Bada na Laohuzui, sehemu nyingine za kutazamia, ni za jioni. Ni pazuri, nisiseme uongo. Lakini siku moja baada ya kusimama ndani ya tope lile, kuyatazama kutoka jukwaani nilichoka upesi kuliko nilivyotegemea.

Kilichonishika ni Azheke, kijiji chini ya Duoyishu ambacho nyumba za udongo na nyasi nyingi zimebaki. Mwaka 2018 watu wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen walikaa na wanakijiji, wakaunda kampuni ya kijiji. Mapato ya utalii asilimia 30 inabaki kwenye kampuni, 70 wanagawana wenyeji. Na ile 70 inagawanywa tena: sehemu 4 kati ya 10 kwa anayeitunza nyumba yake ya asili, 3 kwa anayeendelea kulima jaruba, 2 kwa anayeishi kijijini, 1 kwa aliyeandikishwa pale. Ukiweka bati unapoteza fungu. Ukiacha shamba likauke unapoteza fungu. Mama aliyetuuzia chai ameandika mgao wake ukutani kwa mkaa, mwaka kwa mwaka. Nilikumbuka gogo la kugawa maji kule Puchun, nikaona ni mkono ule ule.

Jumamosi na Jumapili. Kurudi

Basi la Yuanyang hadi Kunming huchukua sehemu kubwa ya siku. Lilijaa, mtu wa pembeni yangu alilala begani kwangu mpaka Jianshui. Sina zaidi.

Gharama, mtu mmoja, Kunming hadi Kunming, pamoja na zawadi: haikufika yuan 1,500. Kubwa zaidi ni usafiri, na ukiwa peke yako gari la kukodi litakuumiza, tafuta wenzio. Kulipa ni kwa simu karibu kila mahali, hata kwa bibi wa mayai. Unganisha kadi yako na Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, na ujaribu kulipa kitu kidogo kabla hujaondoka mji mkubwa. Noti beba chache kwa ajili ya milimani. Google haifunguki, pakua ramani ya Kichina ya Amap na mtafsiri anayefanya kazi bila mtandao, ila kumbuka bibi zetu wa kule wanaongea Kihani na Kichina chao mtafsiri hakielewi. Viza mtanzania anahitaji kabla ya kuondoka.

Wali mwekundu nilitamani kurudi na kilo tano. Masharti ya mazao ya kuingiza kwetu yanafahamika, nikamwachia mdogo wangu kilo zote, na ameshanitumia picha ya sufuria aliyounguza.